Wa Kisarawe Wamelala

Wilfred alinipigia simu wakati Firdausi anachezwa ngoma, na kama kuna saa mbaya ya kupokea simu ya kazini, basi ni hiyo. Firdausi ni binti wa shangazi yangu Mwanajuma, na alikuwa anaolewa kesho yake. Uani kwa Shangazi, pale Kisarawe, wanawake walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi za jikoni, ngoma zinapigwa, vigelegele vinapasua masikio. Nilibana simu kwenye sikio moja, jingine nikaliziba kwa kidole.

"Dada Shamsia?"

"Sema, Wilfred! Sema kwa nguvu!"

"Dada, pole sana. Lile kabati la kutunzia sahani limekorofisha. Themostati imeganda, joto limepanda tangu jana. Hawa wa Ulaya wamekwisha. Na wale wa Kisarawe wamelala. Wote. Sasa nilitaka nikuulize..."

Simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha, na kila tundu la umeme nyumba nzima lilikuwa limeshikwa na spika za arusi.

Mtu wa pwani atasema, sasa hapo ulichosikia kibaya ni nini, si wamelala tu? Ndiyo maana inabidi nimweleze Wilfred. Tunafanya kazi naye maabara moja huku Kibaha, sote wawili tunasomea shahada ya uzamivu, na yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani, tena mwanakwaya. Kwao mtu mwema hafi, analala. Mwaka jana alikuja kazini macho mekundu, akatuambia kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa amelala." Badru, mwenzetu ambaye ni mtoto wa Mlandizi na mdomo wake hauna breki, akamjibu, "Mwache apumzike kaka, akiamka msalimie." Nilitamani ardhi ipasuke. Dokta Atupele, mkuu wetu, ambaye naye kwao ni huko huko, ndiye aliyetuvuta pembeni na kutufahamisha. Tangu siku hiyo maabara nzima ilijua kwamba Wilfred akisema fulani amelala, wewe anza kutafuta rambirambi.

Kwa hiyo nilipiga ukelele. Sikukusudia, ulinitoka wenyewe.

"Wamekufa! Jamani, wamekufa wote!"

Ngoma ilinyamaza. Nyie, hamjawahi kusikia kimya cha ngoma iliyokatwa katikati. Bibi mmoja akaweka mikono kichwani. Shangazi Mwanajuma alinijia kanga imefungwa kiunoni, uso umemshuka.

"Nani? Nani wamekufa, mwanangu? Basi limepinduka?"

"Minyoo, Shangazi."

"Nani?"

"Minyoo wangu. Wa kazini."

Kisha kule nyuma sauti ya kizee ikauliza, kwa upole kabisa, "Minyoo si ndiyo ile tunayoinywea dawa?" Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Pugu.

"Shamsia!" Shangazi alishika kiuno. "Umenisimamishia ngoma ya mwanangu kwa ajili ya minyoo? Digrii gani hiyo, mama, inayokaliwa matanga ya minyoo? Haya, pigeni jamani, huyu kasoma sana!"

Ngoma ikaanza upya, na haikuchukua muda wakawa wameshanitungia wimbo. Maneno yake siyarudii hapa, maana mama yangu anaweza kuyasoma.

Sasa na nyinyi msinicheke kabla hamjajua. Minyoo wangu si wa tumboni. Ni wadogo kuliko nukta ya kalamu, hawamdhuru mtu, wanaishi kwenye matunda yaliyooza wanakula bakteria. Maabara nyingi duniani zinafuga aina moja ya mnyoo huyu, waliotoka Ulaya, na sisi tunao. Wasikivu sana hao, wasafi, lakini ukiwapandishia joto kidogo wanaanza kuhangaika, na ukizidisha wanakufa. Wangu ni wengine. Wangu niliwaokota mwenyewe, msimu wa korosho, nyuma ya nyumba hii hii ya Shangazi, kwenye chungu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyotupwa juani mpaka yakawa yanafuka moshi. Nilitia mkono mle nikautoa mbio kwa joto, nikasema, kinachoishi humu ndani si kitu cha mchezo.

Na kweli hakikuwa cha mchezo. Tulipowasoma jeni zao tukaona mahali pamoja wanatofautiana waziwazi na wale wa Ulaya, napo ni kwenye jeni inayojenga vilango. Kila seli ya mwili, ya mnyoo au ya Shangazi Mwanajuma, ina vilango kwenye utando wake, na chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, potasiamu, sodiamu, kalsiamu, huingia na kutoka hapo. Tunaziita ayoni. Mishipa ya fahamu inafanya kazi kwa vilango hivyo, na misuli pia. Joto likizidi, vilango vinafunguka ovyo, umeme wa mwili unavurugika, mnyoo anakufa. Wa Kisarawe walikuwa na kilango cha potasiamu chenye umbo lao wenyewe, nami nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kwamba kilango hicho ndicho kinachowafanya wavumilie.

Tatizo ni kwamba majaribio yangu yalikuwa yananivua nguo. Leo ninawapandisha joto wanapona, kesho joto lile lile wanakufa. Mtahini mmoja alikuwa ameniuliza swali ambalo nililala nalo na kuamka nalo: "Huu ni ushahidi au ni bahati nasibu?" Nilitakiwa kulijibu mwezi uliofuata, na ili kulijibu nilihitaji kurudia majaribio, na ili kurudia nilihitaji minyoo. Kwa kawaida tunawagandisha wengine kwenye barafu kali ili wasipotee, ila friji letu la barafu lilikuwa linasubiri kompresa kutoka Dar. Minyoo wote wa Kisarawe tuliokuwa nao walikuwa kwenye zile sahani ndogo za kufugia, za kabatini. Wakifa wale, utafiti wangu umekufa nao, na miaka yangu yote ndani ya maabara ile nitakuwa nimeila bure.

Nikajipa moyo. Si walitoka hapa? Nitawaokota tena.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikiwa bado nimevaa sare ya arusi. Chungu ya mabibo haikuwepo. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka unang'aa, mchanga mpya umemwagwa, na pale pale, haki ya Mungu, pale pale palipokuwa na chungu yangu, yalikuwa yamepangwa mafiga makubwa ya kupikia pilau, na moto unawaka. Mpishi, mwanamume mnene aitwaye Twalibu, alikuwa anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu.

"Karibu, Dada. Unataka ukoko?"

"Nataka uchafu uliokuwa hapa."

"Tumeuchoma wote," alisema kwa fahari. "Shangazi yako kasema wageni wanakuja, pawe pasafi."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa nikalia kimya kimya. Twalibu alidhani ni moshi, akaniambia nihamie upande wa pili.

Shangazi ndiye aliyenikuta hapo. Alikuwa amekuja kuonja chumvi. Aliniangalia, akaona hili si la wimbo tena, akakaa karibu yangu juu ya lile gunia na nguo zake nzuri.

"Kumbe ni kweli inakuuma."

"Inaniuma, Shangazi."

"Basi nenda kawaangalie. Maiti haisusiwi, hata ikiwa ya mnyoo." Akanifutia uso kwa ncha ya kanga. "Firdausi nitamwambia umepata dharura. Sitamwambia dharura gani, asije akacheka arusini kwake."

Alinitafutia bodaboda wa kuaminika, nikapita njia ya Kiluvya mpaka barabara ya Morogoro, kisha nikashika upande wa Kibaha. Njia nzima nilikuwa namtungia Dokta Atupele maneno ya kumwambia, na kila niliyoyatunga yaliishia na mimi kuomba kazi ya kufundisha sekondari. Si kwamba kufundisha ni kubaya. Mimi ndiye mbaya, wanafunzi wangenichoka kwa ukali wangu ndani ya muhula mmoja.

Maabara yetu iko ndani kidogo ukitokea kituo cha Kwa Mathias. Nilifungua mlango nikiwa nimejikaza kwa msiba, nikamkuta Wilfred ameweka miguu juu ya kiti, anakula mihogo ya kukaanga na kachumbari, kwaya inaimba taratibu kwenye simu yake.

"Wilfred! Unakula?"

"Karibu, Dada. Ina pilipili kidogo."

"Nimeacha arusi. Nimekuja kwa ajili ya maiti zangu, wewe unakula mihogo!"

Akashusha miguu. "Maiti za nani?"

"Si umenipigia simu? Si umesema wa Kisarawe wamelala?"

"Ndiyo, wamelala."

Nilimtazama. Akanitazama. Nikauliza polepole, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza.

"Wilfred. Wamelala wamekufa, au wamelala wamelala?"

"Wamelala wamelala, Dada!" Alikuwa ameanza kushangaa. "Wangekuwa wamekufa ningekwambia wamekufa. Dokta Atupele alishanikanya siku ile ya mama mkubwa. Alinambia, Wilfred, hawa watu wa pwani ukiwaambia mtu amelala, watamtandikia kitanda. Tangu hapo nikiwa na nyinyi, kulala ni usingizi."

Dokta Atupele, kwa wema wake, alikuwa ametufundisha sisi Kinyakyusa cha Wilfred na kumfundisha Wilfred Kiswahili chetu, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulikuwa tumepishana njiani, kila mtu amekwenda kumsubiri mwenziwe nyumbani kwake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kwamba mimi ni mtafiti.

"Umejuaje kama wamelala?"

Wilfred akakuna kichwa. "Hapo ndipo penyewe. Sijui. Ndiyo nilitaka kukuuliza, niwatupe au niwasubiri. Nikawa nakupigia hupatikani. Nikasema mali ya mtu siitupi bila ruhusa, nikawahamishia chumba cha baridi."

Tulikwenda kuwatazama. Niliweka kwanza sahani ya wale wa Ulaya chini ya darubini. Hao hawakuwa na utata. Walikuwa wamenyooka kama vijiti vya kiberiti, miili imevurugika ndani, mauti matupu. Nikaweka sahani ya Kisarawe. Walikuwa wametulia tuli, lakini wamejikunja kidogo, kama mtu aliyejilaza mkekani baada ya kula, na miili yao ilikuwa safi. Nilichukua waya mwembamba nikamgusa mmoja kichwani. Hakutikisika. Nikamgusa mkiani. Kimya. Nikamgusa mwingine, na mwingine.

Kanuni ya kazi yetu iko wazi, na si yetu peke yetu, ndivyo tulivyofundishwa wote: mnyoo aliyetolewa kwenye joto, ukimgusa kichwani na mkiani asijibu, huyo amekufa. Unamwandika miongoni mwa wafu, sahani inachemshwa na kumwagwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeibandika kanuni ile ukutani, kwa herufi kubwa, baada ya kugombana na Badru.

Hapo ndipo nilipoona tulivyoponea chupuchupu. Kama simu yangu ingekuwa na chaji, Wilfred angemaliza swali lake. Na mimi najijua. Ningemwuliza, umewagusa? Angesema, nimewagusa. Wamejibu? Hawajajibu. Basi wachemshe, ningemwambia, unaniuliza nini wakati kanuni iko ukutani? Ningeyasema hayo huku nimeziba sikio kwa kidole, na kwa hasira.

"Tunasubiri," nilisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka watuchoshe."

Nikaenda kuswali alasiri kwenye chumba cha stoo, na sikumbuki kama niliwahi kuomba kwa ajili ya viumbe wadogo namna ile. Niliporudi, Wilfred alikuwa amenisogezea mihogo iliyobaki, nikaila yote. Tukawa tunapokezana darubini. Yeye anatazama, mimi nazunguka. Mimi natazama, yeye anaimba besi ya wimbo wa kwaya, nami namwambia anyamaze, kisha namwambia aimbe tu. Nje magari ya barabara kuu yalikuwa yananguruma kama kawaida ya Jumamosi. Jua lilianza kulegea kwenye dirisha.

Kitu cha kwanza nilichoona hakikuwa mwendo. Mnyoo huyu ana koo lenye misuli, linalopiga pap pap anapokula, na ukimkuza vizuri kwa darubini unaliona. Nilikuwa namwangalia mmoja mkubwa, mwenye mayai tumboni, na koo lake likapiga. Mara moja. Nikadhani ni jicho langu limechoka. Likapiga tena.

"Wilfred."

"Nini?"

"Njoo. Usitikise meza. Njoo uone."

Akaja, akainama kwenye darubini. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ndogo ya siku ya mama mkubwa, "Anameza."

Nilimsukuma nikachungulia tena. Yule mnyoo alikuwa amenyanyua kichwa. Alikipeleka kulia, akakipeleka kushoto, mvivu, kama mtu anayeamshwa daku. Mungu si Athumani! Mnyoo huyu hahitaji mume ili azae, kila mmoja ana mbegu na mayai yake mwenyewe. Akibaki mmoja tu, ukoo umebaki. Nilihitaji mmoja, na huyu alikuwa hapa anatafuta chakula. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke, maana yalikuwa mazuri.

Wa pili alijigeuza. Wa tatu akafuata. Wengine hawakuamka, sitasema uongo, lakini waliobaki waliendelea kuamka mmoja mmoja, na Wilfred alikuwa anawapokea kwa kusema "karibu, karibu" kama msimamizi wa mlangoni kanisani.

Nilikaa chini, nikaanza kufikiri, na jambo likanijia taratibu. Wa Ulaya walikufa wakihangaika. Ukiwatazama wakiwa kwenye joto, wanapinda na kupinduka mpaka dakika ya mwisho. Wa Kisarawe hawahangaiki. Kile kilango chao cha potasiamu, nilidhani kinawapa nguvu za kupambana na joto. Vipi kama kinafanya kinyume? Vipi kama joto likianza tu, kilango kinafunguka mapema, umeme wa mwili unapoa, mishipa na misuli inanyamaza, na mnyoo anajilaza akisubiri jua lipungue? Kwenye chungu ya mabibo mchana wa Desemba, mwenye akili ni yule anayelala.

"Kwa hiyo kulala ndiyo kinga yenyewe," alisema Wilfred nilipomweleza.

"Ni dhana. Itabidi tuipime."

"Lakini na yale majaribio yako? Mbona mara wanapona, mara wanakufa?"

Nilikuwa nimeshalijua jibu, ila nilikuwa naogopa kulisema. Siku ambazo niliwatoa kwenye joto nikaenda kuswali Ijumaa, au nikanogewa na chai na soga za Badru, nilirudi nikakuta wamepona. Siku nilizokuwa na bidii, nikakaa na waya wangu mkononi nikawagusa mara moja, wote walikuwa "wamekufa." Hawakuwa wamekufa. Nilikuwa nawahi mno. Haraka haraka haina baraka, tumeimbiwa tangu chekechea, na mimi nilikuwa nimeibandikia haraka karatasi ukutani.

"Wilfred, nilikuwa nazika wazima."

Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi huna swali tena. Una jibu."

Na ilikuwa kweli. Lile swali la mtahini, ushahidi au bahati nasibu, lilikuwa limenikaa kifuani kama jiwe la kusagia, nami sikujua uzito wake mpaka lilipotoka. Niliomba simu ya Wilfred nikampigia Dokta Atupele, nikamwambia yote bila kupamba: kabati, joto, usingizi, kanuni ya ukutani, hesabu zangu zote zilizokosewa. Nikasikia watoto wanacheza kwake. Kisha akasema, "Unajua maana yake, Shamsia? Unarudia yote. Kuanzia mwanzo."

"Ndiyo, Dokta."

"Mbona unasema kwa furaha hivyo?"

"Kwa sababu ninao wa kurudia nao."

Nilikata simu, nikatayarisha sahani mpya zenye bakteria wa kutosha. Nikasema bismillahi, nikamwinua yule wa kwanza kwa ncha ya waya, nikamweka juu ya chakula. Tulihamisha waliokuwa wameamka, tukawagawa sahani mbalimbali, vyumba mbalimbali, hata nyingine Wilfred akaiweka kwenye kabati lake mwenyewe. Sahani ya zamani ilibaki na wale ambao hawakuwa wamesogea bado.

Giza lilikuwa linaingia. Wilfred alinyoosha mkono azime taa ya darubini. "Tuwapumzishe, Dada. Taa nayo ina joto."

"Subiri kidogo," nilimwambia, jicho langu bado liko pale. Kulikuwa na mmoja pembeni, mdogo kabisa, ambaye nilikuwa nimeshamkatia tamaa mara mbili. Sikumgusa. Niliuweka waya mezani, nikakunja mikono, nikangoja.

Akageuka.